Nilivyoingilia Uchumba wa Bundi

Julai ya Mbeya haina huruma. Hapa kwetu chini ya mlima Loleza, ukitoka nje usiku unatoka na blanketi, mzula na soksi mbili mbili, na bado meno yanagongana. Sasa mtu anayetoka hivyo kwa hiari yake, eti akaangalie bundi wanavyotongozana, majirani wamuweke kundi gani?

Nyuma ya nyumba yangu kuna mkaratusi mkubwa, na humo walihamia bundi wawili, wale wa madoadoa wenye vishungi kichwani. Mtaa mzima ulitaka wapigwe mawe. Mimi nikanogewa. Dume anainama, anavimbisha koo mpaka manyoya meupe yanaonekana gizani, anaita: "Huu-huuu." Jike ni mkubwa kuliko dume, na nadhani kwao neno la mwisho ni lake. Naye anajibu: "Hu-hu-huuu." Dume mbili, jike tatu. Wakielewana, dume analeta panya. Ndiyo mahari yenyewe, na panya wa mtaa huu, walivyonona kwa mahindi yetu, ni mahari ya kueleweka.

Usiku huo dume aliita weee, hajibiwi. Nikamwonea huruma mwanaume mwenzangu. Nikakunja viganja mdomoni, nikajibu mimi. Tatu, kama inavyotakiwa.

Akageuza kichwa. Akashuka tawi la chini, akaita tena kwa sauti nzito zaidi, nami nikajibu kwa madaha. Kumbe mwenye mume yuko juu ya bati, ananisikiliza tu.

Manyoya ya bundi yana kingo laini zinazomeza mvumo wa mabawa, kwa hiyo sikusikia kitu. Nilishtukia mzula unaondoka kichwani, na nywele kiasi. Nikapiga yowe, nikatimua mbio na blanketi limenizonga miguu, nikaishia kwenye michongoma ya jirani: kichwa upande wake, miguu upande wangu.

Mama jirani akafungua dirisha, akanimulika, akalitaja jina la Yesu mpaka mtaa ukaamka. Vijana wa ulinzi shirikishi wakafika na marungu, na nyuma yao mjumbe, koti limevaliwa juu ya msuli.

"Shikamoo, mzee," nikasema kutoka kwenye miiba.

Hakuitikia. "Mwalimu, unafanya nini kwenye ua wa watu saa hizi?"

"Naangalia bundi wanavyochumbiana, mzee."

Kijana mmoja akarudi nyuma.

"Na hiyo damu kichwani?"

"Mke wake amenipiga. Ana wivu."

Mjumbe ni mtu wa ushahidi, huwa hahukumu kwa maneno matupu. "Haya, waite tuone."

Nikiwa nimening'inia vilevile, nikaita tatu. Mkaratusi ukajibu mbili. Bati nalo likajibu tatu, kwa hasira. Halafu kivuli kikapita juu yetu na kitu kikadondoka, pwa, miguuni kwa mjumbe: panya, mnono, bado wa moto.

Aliyetangulia kukimbia ni mjumbe mwenyewe. Marungu yalibaki, tochi ilibaki inawaka kwenye majani, na ndala moja. Nami nikabaki kwenye michongoma, hakuna wa kunichomoa ila mke wangu, ambaye ilibidi amalize kucheka kwanza.

Asubuhi mjukuu wa mjumbe alitumwa kufuata ndala. Akasimama barabarani, hataki kuingia, ikabidi nimrushie. Hajafika mbali akaja mama jirani, khanga ameivuta mpaka usoni, akaniita pembeni ya banda la kuku. Nikajua kaja kunipa pole.

"Mwalimu," akanong'ona, "gharama zako zikoje? Mchumba wa binti yangu mahari haleti, mwaka wa pili huu."

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akajibu kutoka jikoni:

"Elfu hamsini, mama. Na jogoo mweusi!"