Kabla ya Ngeli, Mtoto Ajue Kwanza Ni cha Nani

Mpwa wangu wa miaka miwili na nusu alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kudai: "Kikombe chako!" Watu wazima wakacheka, na mmoja akamkatiza: "Sema changu!" Mtoto akakikumbatia kikombe na kurudia, "Chako!" Tangu aanze kukitumia tunamwambia "kikombe chako hiki", naye amelipokea neno hilo kama sehemu ya jina la kikombe. Aliyemtaka aseme "changu" alimtisha tu, kwa kuwa kinywani mwa mtu mzima neno hilo lilimaanisha kikombe kinachukuliwa.

Vimilikishi vya Kiswahili humbebesha mtoto kazi mbili kwa neno moja. Mzizi -angu, -ako au -ake humwonyesha mwenye kitu, na mwenyewe hubadilika kila msemaji anapobadilika. Kiambishi nacho hufuata ngeli ya kitu, ndiyo maana tunasema kiatu changu, shati langu, mto wangu na soksi zangu. Naamini wengi wetu tunahangaikia kazi isiyo ya kwanza. Mtoto akisema "kiatu yangu" tunamrukia, ilhali lile gumu zaidi, la kutambua kwamba -angu ni yeye mwenyewe, amekwisha kulimudu. Yatosha kumjibu, "Ndiyo, kiatu chako hicho, kivae," mradi sisi wenyewe tusiwe watu wa kusema "kiatu yako" siku nzima.

Darasa ninaloliamini ni la kukunja nguo zilizoanuliwa jioni, na linahitaji watu watatu, kwa sababu wakiwa wawili tu -ake hukosa pa kutua. Mama anainua shati na kuuliza, "La nani hili?" Kaka mtu anajibu "Langu!" na kulivuta kifuani, mama anamwambia, "Haya, shati lako," kisha anamgeukia mdogo, "Umeona? Shati lake." Shati ni lilelile, neno limekuja kwa sura tatu, na mdogo ameyasikia yote bila kuulizwa chochote. Kusikia wengine wakigawana vitu vyao kunamfaa kuliko kuamriwa "sema changu", kwa kuwa anaona neno likimfuata msemaji.

Jumapili iliyopita mpwa wangu aliokota soksi zangu mbili kwenye rundo la nguo. Moja akanipa, "Yako hii." Ya pili akaificha mgongoni, akasema, "Yangu." Sikumsahihisha.