Aliyemzalisha Mnyama Asisahauliwe Baada ya Kumuuza

Kati ya kazi zote ambazo chama cha wafugaji kinaweza kujipa, ipo moja ambayo kisipoifanya chenyewe haitafanywa na mtu mwingine yeyote: kuhakikisha kwamba aliyemzalisha mnyama anatambuliwa, na anapata chochote, hata baada ya mnyama huyo kuuzwa na kuanza kuwanufaisha wengine. Nayaandika haya nikiwa katibu wa chama kidogo cha wafugaji wa ng'ombe katika ukanda wa mifugo wa Uganda, ule unaopanda kutoka Isingiro na Mbarara, ukapita Nakasongola hadi Karamoja. Wazo lenyewe, hata hivyo, nimelipata mbali na ng'ombe, katika vyama vya majimbo vya Marekani vinavyowaunganisha wazalishaji wa farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred.

Farasi kwetu ni wachache, na sababu zake zinajulikana. Mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana, usubi hueneza maradhi ya farasi ya Afrika ambayo huua upesi, na kwa mbio za farasi macho yetu huelekea Ngong, kwa jirani zetu wa Nairobi. Sipendekezi basi kwamba tuanze kufuga farasi wa mbio. Ninachopendekeza ni kwamba tutazame kwa makini jinsi wenzetu walivyoipanga haki ya mzalishaji, kwa kuwa katika jambo hilo wametutangulia sana, na hakuna aibu kujifunza kwa aliyetangulia.

Mpango wao, ukiuondolea mapambo, ni huu. Kila jimbo la Marekani lina sheria zake za mbio, na kwa hiyo kila jimbo lenye farasi wengi lina chama chake cha wazalishaji. Kile cha Maryland, kwa mfano, kilianzishwa mwaka 1929. Mtoto wa farasi akizaliwa jimboni, mwenye jike humwandikisha chini ya mpango wa jimbo, naye huhesabiwa kuwa mzaliwa wa hapo. Anaweza kuuzwa akiwa na umri wa mwaka 1, akauzwa tena, akahama kutoka kwa mkufunzi huyu hadi yule. Lakini siku atakaposhinda mbio zinazotambuliwa na mpango huo, mfuko maalumu humlipa yule aliyemzalisha. Katika majimbo kadhaa hata mwenye dume aliyemzaa hulipwa fungu lake, ilimradi dume huyo naye alipandishia jimboni humo. New York iliunda mfuko wake kwa sheria mwaka 1973. Maryland ilikwenda mbali zaidi, kwani tangu mwaka 1986 ina siku nzima ya mbio, iliyobuniwa na mtangazaji wa michezo Jim McKay, ambayo imetengwa kwa ajili ya watoto wa madume wa jimbo hilo.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni ufupi wa kanuni yao kuhusu nani aitwe mzalishaji. Mzalishaji ni yule anayemmiliki jike siku anapozaa. Si mwenye dume, wala si mwenye shamba alimozaliwa mtoto, wala si yule aliyemlea baadaye akamfanya bingwa. Kanuni fupi namna hiyo haiachi nafasi kubwa ya ugomvi, na vyama vingi vya wafugaji ninavyovifahamu vimekufa kwa ugomvi zaidi kuliko kwa umaskini.

Sasa nitazame kwetu. Mzee mmoja wa chama chetu alimzalisha dume wa Ankole, ng'ombe wetu wa asili, mwenye umbo la kupendeza na pembe zilizokaa sawasawa, akamuuza kwa bei nzuri ya siku ile, kwa kuwa alikuwa na ada za shule za kulipa. Watoto wa dume yule leo wamo katika makundi mengi, na wafugaji wanaowanunua huulizana alinunuliwa kwa nani, lakini swali hilo huishia kwa mtu wa mwisho aliyemuuza. Hakuna karatasi inayomtaja yule mzee. Majike wa ukoo uliomzaa dume huyo wangeweza kuzaa wengine kama yeye, lakini wengi wao wamekwisha kuuzwa kwa wachinjaji, kwa sababu hakuna aliyekuja kumwambia kwamba zizi lake lina mali. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia, na si ya yule mzee peke yake, maana tumepoteza uzao mzima ambao ungetufaa sote.

Linganisha na mbegu ya dume wa Friesian, ng'ombe wa maziwa, inayoletwa kutoka nje ikiwa ndani ya mirija. Mrija wake mmoja huja na maelezo ya baba, mama, babu na nyanya, maziwa ya kila jike katika ukoo huo, na hata jina la shamba. Mfugaji wa Kiruhura anaweza kujua mengi kuhusu dume ambaye hatamwona maishani mwake, ilhali kuhusu dume aliyesimama mbele yake hajui zaidi ya anavyoona kwa macho. Ninaamini kwamba hii ni sababu mojawapo kubwa inayofanya ng'ombe wetu wa asili waonekane duni kuliko walivyo. Mnyama wa kigeni anauzwa pamoja na habari za ukoo wake, na wa kwetu anauzwa bila hata jina la aliyemzalisha.

Pendekezo langu ni kwamba vyama vyetu vidai mrabaha wa mzalishaji. Wanamuziki wanaudai kwa nyimbo zao zinapopigwa, na mfugaji anao ustahiki uleule pale dume aliyemzalisha anapochukuliwa kwa uhimilishaji, yaani kupandisha majike kwa mbegu za mrija, na mbegu zake zikauzwa miaka nenda miaka rudi. Sehemu ndogo ya bei ya kila mrija, iliyokubaliwa tangu siku ya mauzo na kuandikwa katika mkataba, irudi kwa mzalishaji kupitia chama. Vilevile kwenye maonyesho ya kilimo ya Jinja, ambako wenye ng'ombe washindi hupewa vikombe, jina la mzalishaji litajwe pamoja na la mwenye mnyama, na zawadi igawanywe. Hilo la pili halihitaji sheria mpya wala fedha mpya. Linahitaji waandaaji wakubali tu.

Mrabaha hauwezi kulipwa bila daftari la nasaba, na hapa ndipo farasi wanapotufundisha zaidi. Daftari kuu la nasaba za Thoroughbred lilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791, na farasi wote wa aina hiyo duniani hurejea, kwa upande wa mababa, kwa madume watatu walioletwa kutoka mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Miaka zaidi ya 200 ya kuandika bila kukoma si jambo dogo. Lakini mtu asidhani kwamba daftari hilo limesimama kwa uaminifu wa waungwana peke yake. Nchini Marekani mwenye dume hupeleka taarifa ya majike wote waliopandwa na dume wake mwaka huo, na mwenye jike hupeleka taarifa yake mwenyewe kama jike alizaa au hakuzaa. Taarifa hizo mbili zinawekwa pamoja, na pasipolingana mtoto haandikishwi mpaka jambo liwe wazi. Juu ya hayo, tangu watoto waliozaliwa mwaka 2001, nasaba huthibitishwa kwa kipimo cha vinasaba, kinachofanywa kwa nywele chache za shingoni zilizong'olewa na mizizi yake.

Sisi hatuna haja ya kuanzia kwenye vinasaba. Tunaweza kuanza kwa taarifa mbili zinazokaguana, ya mwenye dume na ya mwenye jike, pamoja na hereni yenye namba kwenye sikio la ndama. Nchi yetu ina chombo cha kulipokea daftari hilo, kwa sababu Sheria ya Uzalishaji wa Mifugo ya mwaka 2001 iliunda kituo cha taifa cha rasilimali za vinasaba vya wanyama, NAGRC&DB, chenye makao yake Entebbe, ambacho jina lake lenyewe limebeba kazi ya kutunza takwimu (DB ni Data Bank, yaani benki ya takwimu). Kituo hicho kina ranchi zake, ikiwemo Nshaara ambako ng'ombe wa Ankole wanahifadhiwa. Kazi ya chama cha eneo ni kukusanya habari zilizo sahihi huku chini, kwenye mazizi, ambako ofisi ya Entebbe haiwezi kufika kila ndama anapozaliwa. Mtunza daftari asiwe mtu anayeuza madume. Nalisema hili nikijua kwamba linanihusu, na niko tayari kuukabidhi ukatibu kwa mtu asiyeuza, mara mkutano mkuu utakapoupitisha utaratibu huo.

Kuhusu fedha za kulipia mambo haya, hapo ndipo ninapoachana na Wamarekani. Mifuko yao mingi hutegemea kamari, yaani sehemu ya fedha zinazochezwa kwenye mbio, na siku hizi pia za mashine za michezo ya bahati. Jimbo la Virginia linaonyesha hatari ya njia hiyo. Ni jimbo lenye heshima kubwa katika mambo ya farasi, maana Secretariat, aliyeshinda mbio tatu kuu za Marekani mwaka 1973, alizaliwa huko mwaka 1970. Pamoja na heshima hiyo, uwanja wake mkuu wa Colonial Downs ulifungwa mwaka 2014 kwa sababu ya mvutano kuhusu siku za mbio, na wazalishaji wakabaki na farasi wasio na uwanja wa kushindana nyumbani. Chama chao hakikukaa kulalamika. Mwaka 2017 kilianza mpango wa kuwakubali hata farasi waliozaliwa majimbo mengine, ilimradi wakae Virginia miezi 6 mfululizo katika umri mdogo, nao wakishinda katika majimbo ya jirani bonasi italipwa. Kwa njia hiyo mashamba yakapata wageni, na wakulima wa nyasi kavu, wahunzi wa kwato na madaktari wa mifugo wakapata kazi. Mbio zilirudi mwaka 2019, baada ya bunge la jimbo kuruhusu mashine za kamari mwaka uliotangulia.

Nawapongeza kwa ubunifu, lakini sitaki riziki ya mfugaji wa Uganda itundikwe kwenye kamari, ambayo tayari inawamaliza vijana wetu mijini. Fedha zitoke kwenye bidhaa yenyewe: mbegu, ada ya kuandikisha na, pale wenye viwanda watakapokubali, senti chache za maziwa. Ziwe kidogo, lakini ziwe zetu.

Ipo hofu moja ya haki ambayo wenzangu wameileta mezani. Mrabaha ukilipa vizuri, kila mtu atakimbilia dume yuleyule mashuhuri, na baada ya vizazi vichache kundi zima litakuwa ndugu. Wenye Thoroughbred wanaijua hofu hiyo, ingawa kwao uhimilishaji umekatazwa kabisa na kila jike lazima apandwe na dume mwenyewe. Mwaka 2020 The Jockey Club, chombo kinachotunza daftari la nasaba za Thoroughbred huko Marekani, ilitangaza kikomo cha majike 140 kwa dume mmoja kwa mwaka, ikashtakiwa na wenye madume, na mwaka 2022 ikakifuta. Sisi tunaoruhusu uhimilishaji tuko katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa dume mmoja anaweza kuhudumia maelfu. Kwa hiyo kikomo kiwekwe mwanzoni kabisa, kabla mtu yeyote hajapata mali nyingi ya kuitetea mahakamani, na mrabaha ukome dume anapofikisha idadi iliyokubaliwa.

Limebaki swali ambalo farasi hawawezi kutujibia. Ile kanuni yao fupi, kwamba mzalishaji ni mwenye jike siku ya kuzaa, inadhani kwamba mwenye jike ndiye anayemtunza, lakini katika ukanda wetu majike wengi wako mikononi mwa wachungaji, na mwenye mali huenda anaishi Kampala na kuja zizini mara moja moja. Mchungaji ndiye aliyejua jike gani alishika joto, akamchagulia dume, akakesha naye usiku wa kuzaa, akamwogesha ndama dawa ya kupe ili ndigana isimwue. Nimependekeza kwenye rasimu ya katiba yetu kwamba mwenye jike aandikwe kuwa mzalishaji, na theluthi moja ya mrabaha ilipwe kwa mchungaji aliyekuwa na jike huyo siku ya kuzaa, jina lake likiandikwa kwenye fomu ileile ya ndama. Baadhi ya wanachama wameipinga theluthi hiyo na kuiona kubwa mno. Mimi sijaona sababu ya kuipunguza, na rasimu itakwenda kwenye mkutano mkuu kama ilivyo.