Tuongee Tabianchi Mwezi Ukiwa Mkubwa

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani. Wavuvi wanatoka jioni na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola na betri. Wanaziachia zielee majini, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu, basi mitumbwi inavutwa mchangani na watu wanakaa nchi kavu mpaka giza lirudi. Hizo ndizo siku za kushona nyavu, kufungua injini, kudaiana, kuposa na kugombana. Ukitaka kumpata mvuvi wa dagaa akiwa na nafasi na akiwa macho, mtafute siku hizo.

Sasa zisome barua za mwaliko wa semina za mabadiliko ya tabianchi hapa Mwanza. Nimekaa kwenye kadhaa, sisimulii ya kuambiwa. Ni saa tatu asubuhi, ukumbi wa hoteli mjini, na mara nyingi ni katikati ya siku zisizo na mwezi, wakati ambao mvuvi anayetajwa kwenye barua kama "mdau muhimu" ndiyo kwanza ametoka majini anatafuta pa kuegesha ubavu. Anayefika ni mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wananchi cha kusimamia uvuvi ufukweni, yule yule wa siku zote, pamoja na maofisa wa halmashauri na vijana wa asasi wanaojuana kwa majina. Slaidi ya kwanza ni dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu. Inafuata gesijoto, inafuata chai ya saa nne, inafuata "nini kifanyike" kwenye karatasi kubwa za ukutani, halafu picha ya pamoja kwenye ngazi. Ripoti inaandikwa kwamba jamii imeelimishwa.

Sina ugomvi na chai. Ugomvi wangu ni kwamba wanaoitisha mazungumzo haya huja na majibu mkononi kabla hawajasikia swali hata moja, na hakuna kitu ambacho mwananchi anaweza kusema pale kikabadilisha uamuzi wowote. Hayo si mazungumzo, hata kama kipaza sauti kimezungushwa ukumbi mzima.

Na maswali yapo, tena mazito. Ukikaa kijiweni Kirumba au Kayenze utalisikia hili: "Kila siku mnatuambia ukame, mbona ziwa limejaa mpaka limeingia majumbani?" Nimewahi kumwona mtoa mada akilipita swali hilo kwa tabasamu na "tutalijibu mwishoni". Mwishoni hapakuwa na muda.

Lingejibiwa hapo hapo lingefungua mlango. Ziwa letu ni beseni kubwa lisilo na kina, takribani kilomita za mraba 68,800, na wastani wa kina chake ni kama mita 40 tu. Karibu asilimia 80 ya maji yake hayaji na mito, yanatoka kwenye mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe. Mengi yanaondoka kwa jua, na yanayobaki yana njia moja tu ya kutoka, Jinja nchini Uganda, kwenda Mto Nile. Mvua zikizidi misimu miwili mitatu mfululizo, maji hayana pa kukimbilia kwa haraka. Ndivyo ilivyokuwa kati ya 1961 na 1964, ziwa likapanda zaidi ya mita 2, na wazee wa Ukerewe bado wanasimulia. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida, upande wa Indonesia ukapoa, mawingu yakasukumwa huku, na Mei 2020 ziwa likaipita rekodi ya 1964. Mei 2024 rekodi hiyo nayo ikavunjwa.

Hapo sasa ndipo joto la dunia linapoingia: hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo mvua ikija inakuja kwa kishindo, na katikati yake vipindi vya jua vinakausha zaidi. Ukame na mafuriko vinaweza kutoka mfuko mmoja. Mtu aliyeona choo chake kikimezwa na maji hahitaji dubu kulielewa hilo.

Mjibuji mkweli angeongeza na jambo la pili, ambalo ndilo linaloleta imani. Mwaka 2006 ziwa lilishuka mno, mitumbwi ikabaki mbali na maji, na sababu haikuwa mvua peke yake. Maji yaliyofunguliwa Jinja kuendesha mitambo ya umeme nayo yalichangia sana. Vivyo hivyo sangara: kupungua kwake huwezi kuitwika tabianchi halafu ukaacha makokoro (nyavu za kukokota), nyavu za matundu madogo na uchafu unaoshuka ziwani kutoka mijini na mashambani. Wavuvi wanajua nani anavua kwa kokoro, wanajua hata anapofichia. Ukisimama mbele yao ukasema kila kitu ni mabadiliko ya tabianchi, wanakuona ama hujui kitu ama umetumwa kumficha mtu.

Mwaka jana asubuhi moja nilikuwa mwalo wa Igombe, ufuko wa kushushia samaki. Mama mmoja alikuwa ameanika dagaa kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, eneo la upana wa nyumba. Wingu lilisimama upande wa ziwa, si kubwa. Akaliangalia, akaita mabinti zake wawili, na ndani ya muda mfupi dagaa wote walikuwa wamekusanywa kwa mikono na fagio, wamefunikwa turubai, mawe juu yake. Mvua haikuja. Wakaanua turubai, wakaanika upya, migongo imepinda. Kwenye saa tisa, dagaa wakiwa nusu wamekauka, ikanyesha kweli kweli, na safari hii wingu lilikuwa limetokea nyuma yao, upande wa vilima. Dagaa aliyelowa katika hali hiyo anabadilika rangi na harufu, na mnunuzi wake anakuwa wa chakula cha kuku, kwa bei anayoitaka yeye.

Nikamuuliza, mama, hukusikia utabiri jana usiku? Akajibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, redio inaniambia Kanda ya Ziwa. Kanda ya Ziwa ni toka Bukoba mpaka Tarime. Mimi nataka Igombe, tena nataka kabla ya saa sita au baada ya saa sita."

Hilo ni ombi la kitaalamu, limetolewa na mtu anayejua hasa taarifa gani ingemwokolea mtaji. Sijawahi kuliona kwenye karatasi kubwa za ukutani. Na hata vichanja vya kuanikia, ambavyo kila mradi unavitaja, wanawake wale wana maoni navyo: nani anavimiliki, vinatosha wangapi, na vitajengwa wapi wakati maji yanapanda na kushuka. Lakini mkutano ukiitishwa saa tatu asubuhi mjini, mwanamke mwenye dagaa juani hawezi kuja, maana hakuna wa kuwaangalia.

Kwa wavuvi wenyewe jambo ni la uhai. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 3,000 na 5,000 hupoteza maisha kila mwaka katika ziwa hili kwa nchi zote tatu, na dhoruba zina sehemu kubwa katika vifo hivyo. Tena ziwa lina desturi yake: mchana nchi kavu inapata joto upesi na upepo unatoka majini kuja pwani. Usiku nchi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unageuka kutoka pande zote na kukutana katikati, hewa inapanda, radi inazaliwa. Ndiyo maana dhoruba kali hupenda kuzuka usiku na alfajiri, saa zile zile mvuvi wa dagaa yuko kazini. Wazee wa mwaloni wanaijua desturi hii bila kipimo chochote. Wanachosema sasa ni kwamba dalili walizozizoea zinawadanganya mara nyingi zaidi. Mtabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na mzee huyo wangekaa pamoja kwenye mchanga siku ya mwezi mkubwa, mmoja na ramani ya setilaiti kwenye simu, mwingine na kumbukumbu zake za miongo, wote wangeondoka na kitu. Na tajiri mwenye mtumbwi awepo pia, kwa sababu mara nyingi ndiye anayeamua kama watu watoke ama wasitoke, na ndiye asiyenunua maboya ya kujiokolea.

Kuna watakaosema hii ni ndoto ya mwandishi. Basi watazame hapo jirani, Shinyanga. Misitu ilifyekwa kuwafukuza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba, mpaka nchi ikawa tupu. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi. Mwanzoni mradi ulikuja na mtindo tunaoujua: vitalu, miche ya kigeni, maelekezo. Haukwenda mbali. Ulipogeuka kuwasikiliza wenyeji ndipo ikakumbukwa ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, nyasi na miti vipumue, na kukifungulia ng'ombe kiangazi kikikaza. Sheria za nani afunge wapi na faini yake nini zikapitishwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa kijiji, na sungusungu wakazisimamia. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Miti mingi iliota yenyewe kutoka kwenye visiki vilivyokuwa ardhini.

Ngitili zina matatizo yake, najua. Wenye ng'ombe wengi hunufaika kuliko wasio nao, na wengine wamezigeuza mali binafsi. Lakini pale watu waliongea, wakaamua, na uamuzi wao ukawa na meno. Mwaloni tunakosa hicho cha mwisho.

Chukua suala la mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sababu yake ni nzuri: mimea ya ukingoni huchuja tope na mbolea, samaki huzaliana hapo. Wananchi wanaisikia sheria hii siku wanapofyekewa bustani za mchicha na nyanya. Basi mzee mmoja wa Luchelele alinirushia swali ambalo nimekuwa nikilirusha kwa wengine tangu siku hiyo: hizo mita 60 zinapimwa kutoka wapi, maji yalipokuwa 2006 au yalipofika 2024? Ukingo unapotembea, sheria inatembea nao? Na mwenye shamba lililoingia ndani ya mita 60 kwa sababu maji yalimfuata, naye ni mharibifu wa mazingira? Hakuna mada ya tabianchi iliyo hai kuliko hiyo kando ya ziwa hili, na hadi leo mimi sijaalikwa kwenye semina yake.

Kuhusu wanaosema ni mapenzi ya Mungu: waacheni waseme, wala msicheke. Mtu anaweza kumwomba Mungu mvua na bado akataka kujua apande mpunga kwenye majaruba lini. Wachungaji na mashehe wanasikilizwa kuliko sisi waandishi, na wengi wao nao wanalima.

Haya yote hayahitaji chombo kipya. Sheria zetu zinataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. BMU zina mikutano yao. Mkataba wa Paris wa 2015, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2018, una kifungu kizima, cha 12, kuhusu elimu na ushiriki wa umma. Kinachohitajika ni tarehe ipangwe kwa kalenda ya mwezi wa angani, mtabiri apande daladala mpaka Igombe, ofisa wa mazingira aje na ramani ya mita 60 na mamlaka ya kuirekebisha, na posho ya hoteli igeuke turubai na vichanja. Na mwenyekiti wa kijiji atakapoandika ajenda, tabianchi aiweke namba mbili, mara baada ya mapato na matumizi, wakati watu bado wamekaa. Kwa sasa, ikitajwa kabisa, iko chini ya "mengineyo", saa kumi na mbili jioni, nusu ya mkutano ikiwa imeshaenda kuandaa taa.