Tunaogopa maktaba, tunasahau ombi linalotumwa mara mbili

Tangu Septemba 2025 imekuwa kazi kutetea maktaba za kupakua, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, mbele ya vijana wanaoandika programu huku Mtwara. Hoja yao ni kwamba kila msimbo unaouvuta kutoka nje umeandikwa na mtu usiyemjua, na siku akidanganywa yeye, umedanganywa wewe. Kwa hiyo programu ndogo ya kuzungumza na API (mlango wa programu kuomba huduma kwenye seva) na kuendeshwa kwa amri kwenye terminali, dirisha la kuandika amri, iandikwe kwa vilivyomo ndani ya lugha yenyewe, basi. Lugha ya Python ina urllib ya kuzungumza na seva na argparse ya kusoma amri. Lugha ya Go ina net/http na flag. Cha nini kingine?

Hofu hiyo hawakuitunga. Tarehe 8 Septemba 2025 mtunzaji mmoja wa vifurushi vya npm, ghala la maktaba za JavaScript, alipokea barua pepe iliyojifanya imetoka npm, ikimhimiza asasishe uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yake. Akaamini. Muda mfupi baadaye vifurushi 18, vikiwamo chalk na debug, vikawa na matoleo mapya yenye msimbo wa kubadili anwani za sarafu za kidijitali ili fedha ziende kwa mwizi. Kwa jumla vifurushi hivyo vilikuwa vinapakuliwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki. Na kazi ya chalk ni nini? Kupaka rangi maandishi kwenye terminali. Mtu alitaka neno "KOSA" lionekane jekundu, akamkaribisha mwizi. Kabla ya hapo, Machi 2016, left-pad yenye mistari 11 iliondolewa npm na mwandishi wake baada ya ugomvi, na miradi mikubwa ikashindwa kujengwa. Mistari 11 ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno! Aliyesoma habari hizo akaapa kutopakua tena, simlaumu.

Ninachobishana nacho ni kiapo hicho kinapofikishwa kwenye kazi ya kuzungumza na seva kupitia mtandao. Hapo naona wale wanaochukua maktaba kongwe na kuendelea na kazi wameeleweka vibaya. Wanaitwa wavivu. Mimi nadhani ndio waliokaa wakajiuliza ni nini hasa huharibika huku Kusini.

Huharibika mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya nchi ikazorota, siku chache tu baada ya mvua za kimbunga Hidaya kuikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga. Lakini mikasa mikubwa ya namna hiyo kila mtu huiona, na hakuna anayejaribu kutuma kitu. Hatari zaidi ni mtandao unaokuja na kuondoka katika mchana wa kawaida, kwenye ofisi ya AMCOS ya Tandahimba au Liwale, msimu wa korosho umepamba moto.

Tangu msimu wa 2024/2025 hata minada yenyewe inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania, kwa hiyo tusijidanganye kwamba kazi hizi zitarudi kwenye daftari. Tuseme mnada umepita, fedha zimeingia, na chama kina programu ya amri moja inayosoma orodha ya wakulima na kutuma, mmoja baada ya mwingine, ombi la POST, lile la kuiagiza seva ifanye jambo jipya, kwenye API ya malipo au ya ujumbe mfupi. Ombi la mkulima wa 40 linatoka. Linafika kwenye seva. Seva inalifanyia kazi, inatuma jibu, na jibu halifiki kwa sababu mnara umepotea. Programu ya karani inaona nini? Kimya. Haiwezi kujua kama ombi lilipotea likienda au jibu lilipotea likirudi. Ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa, na yote yana sura moja.

Sasa aliyeapa kutotumia maktaba anafanya ambacho wengi wetu tungefanya: anaweka kitanzi, msimbo wa kurudiarudia: ikishindikana jaribu tena, hadi mara 3. Kama ombi lilipotea likienda, amefanya vyema. Kama ni jibu lililopotea, mkulima anaweza kupata ujumbe hadi mara 3. Na kama ni malipo, anaweza kupata fedha za korosho zake hadi mara 3. Kuanzia hapo mambo yanatoka kwenye kompyuta. Mhasibu anaona hesabu haifungi. Mwenyekiti anaitwa na chama kikuu. Wakulima wa mwisho wa orodha wanaambiwa salio limekwisha. Mkulima wa 40, ambaye ameshalipa ada ya shule na deni la dukani, anafuatwa nyumbani arudishe fedha ambazo hakuomba. Na hawa ni wakulima wanaoweza kuikataa bei hadharani siku ya mnada, na wana haki. Nani atawaketisha chini awaeleze habari za jibu lililopotea hewani? Karani hataaminiwa tena, na lawama hazitamfikia aliyeandika kitanzi.

Maktaba ya urllib3, ambayo requests, maktaba maarufu ya Python ya kutuma maombi kwa seva, imesimama juu yake, inalijua jambo hili. Chombo chake cha kurudia maombi, Retry, hutofautisha kushindwa kuunganika na kushindwa kupata jibu. Muunganisho ukishindikana kabla ombi halijaondoka, hurudia bila wasiwasi. Ombi likishaondoka na jibu lisije, hurudia zile mbinu tu ambazo kuzirudia hakutarajiwi kubadili matokeo, kama GET (kusoma), PUT (kuweka) na DELETE (kufuta). POST haimo kwenye orodha hiyo mpaka uiingize kwa mkono wako mwenyewe. Ukiiagiza Retry ifanye hivyo, hurefusha muda kati ya jaribio na jaribio, na huitii seva inaposema rudi baada ya sekunde kadhaa. Hayo hayakuandikwa na mtu mmoja jioni moja. Ni miaka ya watu wa kila nchi kuungua na kuripoti, na hicho ndicho unachopakua; mistari ya msimbo ni ganda lake.

Requests ina kasoro zake. Usipoiwekea ukomo wa kusubiri haina ukomo: seva ikinyamaza, nayo itanyamaza hadi karani afunge laptopu. Nyaraka zake zenyewe zinasisitiza uweke, na mfano wao ni sekunde 3.05 za kuunganika na 27 za kusubiri jibu. Wala haitarudia ombi lililoshindwa mpaka uipachike ile Retry. Httpx, maktaba nyingine ya kazi hiyo hiyo, huweka sekunde 5 bila kuulizwa, jambo jema, ingawa kwa baadhi ya vijiji vya Newala sekunde 5 ni haraka ya watu wa mjini. Lakini urllib iliyomo ndani ya Python nayo haina ukomo usipouweka, kwa hiyo kukimbilia ndani hakukuponyi. Na hakuna maktaba itakayolimaliza suala la POST peke yake. Hilo linataka API inayopokea namba ya pekee kwa kila ombi, ili seva ikiiona namba hiyo mara ya pili irudishe jibu la mwanzo bila kulipa upya. API isiyo nayo, basi angalau iwe na njia ya kuulizia hali ya muamala kabla hujagusa kitufe tena.

"Yote hayo naweza kuyaandika mwenyewe," ndilo jibu ninalolisikia. Unaweza, ukishayajua. Lakini waandika programu wa Mtwara hawakai. Wakipata kazi Dar es Salaam wanapanda basi. Programu inabaki ofisini. Kijana anayekuja nyuma yako anaijua requests, ameikuta kwenye mafunzo ya kwanza kabisa. Kitanzi chako hakijui, hakina nyaraka, na wa kumuuliza hapokei simu.

Kuna hoja ya bando, ambayo naiona ina ukweli nusu. Kupakua maktaba kwenye kila mashine kwa bando la simu ni hasara. Lakini pip, chombo cha Python cha kusakinisha maktaba, inaweza kupakua vyote mara moja mjini na kuviweka kwenye folda, folda ikaenda na flashi, na huko kwenye ofisi ukasakinisha kwa --no-index na --find-links bila intaneti hata kidogo, mradi mashine na toleo la Python vinafanana. Ukiongeza --require-hashes, faili lililobadilishwa hata herufi moja litakataliwa. Njia hiyo hiyo inapunguza makali ya Septemba 2025: matoleo yale mabaya yalikaa hewani saa chache, na aliyekuwa amefunga namba za matoleo yake asisakinishe upya hayakumfikia.

Kuchagua ndiko kunakotushinda, maana tunahesabu nyota za GitHub, alama za waliopenda mradi. Afadhali uhesabu matawi. Requests huleta vitegemezi 4, yaani maktaba nyingine inazozihitaji: urllib3, certifi, idna na charset-normalizer. Vinne unaweza kuvifuatilia. Halafu angalia nani ameishika. Tangu 2019 requests iko chini ya Python Software Foundation, na watunzaji wake wanasema wazi kwamba hawaongezi mambo mapya. Vijana wanasoma hilo kama dalili ya kufa. Kwa kazi ya malipo mimi nalisoma kama sifa. Tofauti na request ya Node (mazingira ya kuendeshea JavaScript), isiyo na s mwishoni, ambayo Februari 2020 ilitangazwa kwamba isitumike tena. Hiyo ndiyo iliyokufa, na bado utaikuta kwenye mifano ambayo watu wanainakili.

Upande wa terminali, hata hivyo, nawapa haki yao. Argparse imo ndani ya Python tangu 2.7, mwaka 2010, na kwa programu yenye amri mbili tatu inatosha kabisa: inasoma vigezo, inaandika maelezo ya msaada, inamkatalia anayekosea. Click, maktaba ya amri ya 2014, inaanza kulipa pale amri zinapozaa amri nyingine, au unapotaka kuandika majaribio ya amri zenyewe. Typer, ya kazi hiyo hiyo, ni nzuri, lakini imejengwa juu ya Click, kwa hiyo umechukua zaidi ya moja. Anayependa Go ana Cobra, ile ile inayotumiwa na Kubernetes na Hugo, na mwishowe anapata faili moja la kubeba kwenye flashi. Jambo moja halisemwi vya kutosha: argparse, na Click kuanzia toleo la 8.0, hupitisha ujumbe wao kwenye gettext, chombo cha kutafsiri maandishi ya programu, kwa hiyo karani anaweza kuambiwa amekosea wapi kwa Kiswahili. Kwa ofisi za huku hilo lina uzito kuliko rangi yoyote.

Na kwa Node nasimama upande wao hasa. Kuanzia toleo la 18 fetch, ya kutuma maombi kwa seva, imo ndani, na tangu 18.3 kuna parseArgs ya kusoma vigezo vya amri. Mradi mdogo wa huko haushangazi ukikutwa na mamia ya vifurushi ambavyo hakuna aliyevichagua, na hata ukikosa Retry ya urllib3, nafuu ukae chini uandike mwenyewe sheria ya kutorudia POST kuliko kuvuta msitu huo wote kwa ajili yake.