Shangazi na Mjomba Waingia Ngoma ya Waingereza

Ukimwambia mtu wa Zanzibar njoo uitembelee Uingereza, yeye anaiona London: ile saa kubwa, mabasi mekundu, na kasri la mfalme lenye askari wa kofia za manyoya. Sisi tunaokaa Swindon tunajua kwamba London unakwenda mara moja, unapiga picha, unalia na nauli ya treni, basi. Siku zinazobaki mgeni yumo ndani ya nyumba anauliza, "Leo tunakwenda wapi?" Jibu la watu wa Swindon ni moja tu: Cotswolds. Ni vilima vya hapo jirani, vyenye vimji vya mawe ya rangi ya asali na kondoo wengi. Wenyewe wanavipenda mno, na wageni wanamiminika kwa mabasi.

Wageni wangu walikuja kumwona mtoto wetu mchanga. Mmoja ni Shangazi, dada yake baba, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, mwanamke ambaye hata taarabu ya harusi asiyoalikwa atasikia inapigwa wapi. Wa pili ni Mjomba, kaka yake mama, mtu wa Wete, Pemba. Hawa wawili hawajapata kukubaliana jambo lolote tangu siku ya posa ya wazee wangu. Shangazi akisema kuna baridi, Mjomba anafungua dirisha. Ndio niliowatia ndani ya gari moja, Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ambayo Uingereza nzima haiendi kazini.

Tulianza na Bibury, kwenye safu ya nyumba za Arlington Row. Nikawasomea: zilijengwa mwaka 1380, zikiwa ghala la sufu, halafu katika karne ya 17 zikageuzwa makazi ya wafumaji. Mjomba aliyatazama yale mapaa ya vipande vya mawe, yamebonyea katikati.

"Tangu 1380," akasema, "na mpaka leo hawajapata bati?"

Shangazi yeye alikuwa ameshauona mlango mmoja uko wazi kidogo, na mguu mmoja umeshafika kizingitini. Nyumba zile zina watu wanaishi. Nilimdaka mtandio wakati mdomo umeshafunguka kusema hodi. Alinuna mpaka Bourton-on-the-Water. Nyumba iko wazi, mwenyewe anakohoa ndani, unapitaje bila kumjulia hali?

Bourton wana mto Windrush unaopita katikati ya mji, kina chake kwenye magoti, na vidaraja vya mawe vya chini. Wana pia mji wao wenyewe uliojengwa upya kwa udogo, sehemu moja kwa tisa, ulifunguliwa mwaka 1937. Kila nyumba imo, kanisa limo, na kwa kuwa huo mji mdogo nao ni sehemu ya mji, ndani yake umejengwa mji mdogo zaidi. Mimi huwa nausifu sana. Mjomba alisimama pale kama mnara wa redio, paa la kanisa linamfika kifuani, akaniuliza kwa upole kama nimemtoa Pemba kuja kulipa kiingilio cha nyumba zisizoingilika.

Kwa hiyo tulipofika Stow-on-the-Wold sikuwa na matumaini makubwa. Stow uko juu kilimani, mita kama 240, na upepo wake haujali kwamba ni Mei. Mjomba akaanza kutetemeka ndani ya koti la suti. Bahati nzuri kulikuwa na duka la mitumba, yale yanayoendeshwa na mabibi wanaojitolea, faida inakwenda kwenye misaada. Shangazi alishika mashati moja moja, akageuza kola, akatazama lebo. "Kumbe mitumba inaanzia hapa," akasema. "Sisi tunapata waliyoyakataa hawa." Mjomba akatoka na koti zito la sufu, la mirabamiraba ya kahawia, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, paundi 12. Juu yake kofia yake ya kiua. Alionekana kama bwana mwenye mashamba na farasi ambaye kwa sababu zake ameamua kusilimu. Niambie hilo koti halikuchangia yaliyofuata.

Uwanja wa Stow zamani ulikuwa soko la kondoo, na vichochoro vinavyoingia pale vimebanwa kwa makusudi ili kondoo wapite mmoja mmoja wahesabiwe. Tuko ndani ya kichochoro kimoja hivyo, Shangazi mbele, mara akasimama ghafla na mimi nikamvaa mgongoni.

"Nyamaza," akasema. "Njuga hizo."

Zilikuwa njuga kweli. Uwanjani wanaume sita, watatu huku watatu kule, nguo nyeupe tupu, mishipi ya rangi imekatana kifuani, kofia zimechomekwa maua, na kuanzia chini ya goti mpaka kifundoni njuga zimepangwa kwenye vipande vya ngozi. Wengi wao wastaafu. Mmoja ana ndevu nyeupe mpaka tumboni. Pembeni kakaa babu mmoja anapiga akodiani. Hii ndiyo ngoma yao ya Morris, ambayo Mwingereza wa mjini huionea haya na wa shamba hufa nayo. Mara hupunga vitambaa vyeupe, mara hugonganisha fimbo.

Shangazi alinigeukia kwa hasira. "Njuga. Akodiani. Wanaume wamevaa maua. Na wewe tangu asubuhi unatuonesha bata?"

Mjomba hakusema kitu. Yeye alikuwa anatazama fimbo.

Hapa lazima nieleze, maana wasomaji wengine ni wa bara. Kwenye taarabu yetu, wimbo ukikuingia huketi kitini. Unanyanyuka na noti, unakwenda taratibu, bega linakwenda na kinanda, noti umeiinua juu ili wenye macho waone, unamzunguka mwimbaji, halafu unamtunza: unambandika usoni au unamchomekea nguoni. Asiyetunza ni bahili au hana masikio. Shangazi hana ugonjwa hata mmoja kati ya hiyo miwili. Alichokuwa hana ni paundi.

"Nipe noti," akasema bila kunitazama, kiganja kimeshafunguliwa.

Mfukoni nilikuwa na ya ishirini na ya kumi. Nikatoa ya kumi. Akaitazama, akanitazama, na katika ukoo wetu hilo jicho linatosha. Nikatoa ya ishirini.

Wazungu waliozunguka uwanja walimpisha mmoja baada ya mwingine huku wakimwomba radhi. Shangazi akaingia ulingoni na baibui lake, noti juu, bega la kushoto, bega la kulia, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Mbwa wote wa Stow wakabweka. Wachezaji hawakuacha kucheza. Nadhani hawakujua wafanye nini, na Mwingereza asiyejua la kufanya huendelea na alichokuwa anafanya. Shangazi akamchagua yule wa ndevu, akamzunguka mara moja, akambandikia noti katikati ya paji la uso.

Noti za Uingereza siku hizi ni za plastiki. Ya kwetu ya karatasi inakunywa jasho, inaganda, mtu anaimba beti mbili nayo. Ile ya ishirini iliteleza. Ikashuka polepole juu ya nyusi, ikafunika jicho la kulia, ikanasa kwenye miwani na kutulia hapo. Mzee wa ndevu akawa anatazamana na picha ya mfalme kwa jicho moja, na fimbo yake, iliyotakiwa kukutana na fimbo ya mwenzake, ikakutana na vidole vya mwenzake.

Ule mlio si wa mti.

"Sori," akasema aliyepigwa, amekumbatia mkono.

"Sori," akasema aliyempiga.

"Sori," akasema mpiga akodiani, ambaye hakuwa amemgusa mtu.

Shangazi alikuwa ameshazama mkobani. Mtu wa Zanzibar hasafiri bila mafuta ya karafuu. Yanatibu jino, tumbo, mafua na kijicho. Akamkamata yule bwana mkono, akammiminia, akaanza kumchua kwa nguvu ile ya kumchulia mtoto aliyeteguka. "Mwambie asikunje! Mwambie alegeze!" Yule bwana, machozi yanamlenga, akasema kwamba ni vizuri sana, ahsante sana, kwa kweli haikuwa lazima. Harufu ya karafuu ikatanda uwanja mzima.

Sasa ngoma ile inachezwa na watu sita, na mmoja yuko mikononi mwa tabibu. Fimbo yake iko chini. Niligeuka kumtafuta Mjomba na nikakuta kiatu chake kimeshaiweka fimbo sawa.

"Mjomba, hiyo siyo kirumbizi."

"Nimecheza kirumbizi mama'ko hajaolewa," akasema, akaiokota. "Fimbo naijua."

Kiongozi wao, ambaye katika ngoma hizo cheo chake ni Squire, aliliona lile koti la mirabamiraba, akaona mzee aliyesimama wima, na bila shaka akadhani ni mtu wa kikundi kingine aliyekuja kusaidia. Akainamisha kichwa kumkaribisha. Akodiani ikaanza.

Tofauti ya ngoma hizi mbili nitaieleza kwa kifupi, kwa sababu Mjomba hakuielezwa kabisa. Katika Morris mapigo yote yamepangwa, fimbo yako na ya mwenzako lazima zikutane katikati, kwa hesabu. Katika kirumbizi wawili mnaingia na zumari linalia, mmoja anapiga, mwenzake anakinga au anakwepa, na aibu ni ya aliyepigwa.

Aliyesimama mbele yake alikuwa bwana mwembamba, mwenye miwani ya duara. Akaleta fimbo katikati kwa adabu kama alivyofundishwa. Mjomba akakwepa. Yule bwana hakukutana na kitu, akazunguka na fimbo yake mzunguko kamili, njuga zote zinalia, akaishia kifuani kwa mama mmoja aliyeshika aiskrimu. Sori, sori. Akarudi. Mjomba akamzunguka, kaunyanyua mguu, akatikisa bega la dharau ambalo Wete nzima wanalijua, akashusha fimbo. Bwana akakinga. Nadhani mkono ulikinga wenyewe, maana uso ulishangaa. Halafu akatabasamu, akavua miwani, akamkabidhi mama wa aiskrimu.

Sijapata kuona kitu kama kile. Adabu yote ya maisha ilimtoka pale pale. Alipiga, Mjomba akakinga. Mjomba akapiga, akakinga. Wale wengine wanne wakaacha mistari yao wakafanya duara wakipiga makofi, njuga zinafuata. Babu wa akodiani akaacha wimbo wake, akaanza kufuata miguu ya Mjomba. Na Shangazi, mgonjwa wake bado kamshika, akapiga vigelegele, na ilikuwa kwa ajili ya Mjomba. Halafu akanijia mbio kiganja wazi, na ile ya kumi ikaenda.

Upepo ndio uliomaliza. Ulimvua Mjomba kofia ya kiua, kofia ikabiringika kama gurudumu, mbwa mmoja mdogo mwenye masikio marefu akaidaka akaondoka nayo kuelekea kanisani. Mjomba akageuka kutazama. Bwana mwembamba akamgusa begani na ncha ya fimbo, taratibu, na uwanja ukalipuka kwa makofi. Mpaka leo Mjomba anasema hakushindwa, alishughulishwa.

Baadaye tulikaa nao kwenye mabenchi nje ya baa, sisi na chai, wao na bia zao. Noti ilileta mgogoro. Squire alitaka kuirudisha, akiona mama wa watu amepitiwa. Nilipomtafsiria Shangazi, uso ulimbadilika: tangu lini tunzo likarudishwa? Anamtukana? Wakasukumiana ile noti juu ya meza, kila mmoja kwa heshima kubwa kuliko mwenzake, mpaka ikaangukia kwenye ndoo ya kuchangia helikopta ya wagonjwa. Ya kumi nayo. Mwenye noti hakuulizwa.

Nikajaribu kupoza mambo kwa kumweleza Squire habari za kutunza. Macho yakamng'aa. Akasema katika kumbukumbu ya zamani kabisa inayojulikana ya Morris huku Uingereza, ya mwaka 1448, hawakuandika walichezaje. Kilichoandikwa ni malipo: chama cha mafundi dhahabu wa London kiliwapa wachezaji shilingi 7.

"Kwa wote?" Shangazi akauliza.

"Kwa wote."

Akatikisa kichwa, akamsogezea Squire sahani ya keki kwa huruma.

Mzee wa ndevu naye akatusimulia jinsi Cecil Sharp, mkusanyaji wa nyimbo na ngoma za kienyeji, alivyokutana na ngoma hii pale Headington Quarry, Oxford, siku baada ya Krismasi mwaka 1899, akaanza kuziandika tuni zake wakati zinaelekea kusahaulika. Mjomba hakusikia neno. Alikuwa anamfundisha bwana mwembamba kukinga kwa mikono miwili, kwa lugha ya kijiko na kisu.

Wakati wa kuagana ndipo Squire aliposema maneno ambayo Waingereza huyasema kwa kila mtu, hata kwa fundi bomba: lazima mje tena siku moja, mlete na wenzenu. Yeyote aliyekaa huku anajua maana yake ni kwaheri. Mjomba akaniomba nitafsiri, nikatafsiri kama yalivyo. Akamshika Squire mkono kwa mikono yake miwili, akaapa wallahi atakuja.

Ameshakusanya watu Wete. Wanafanya mazoezi baada ya Alasiri, na kila wiki sauti yake inanifikia kwenye WhatsApp, nyuma yake fimbo zinagongana na mtu anapuliza zumari. Bado hajaniuliza habari za visa. Juzi swali lilikuwa moja tu: niwaulize hao Waingereza, njuga watatoa wao au waje na zao.