Moyo ulioshonwa lumbesa

Huku kwetu Mbeya, mtu wa Isongole au wa milima ya Uporoto hahitaji kuelezwa lumbesa ni nini. Kwa wengine niseme tu: ni gunia la viazi lililojaa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba, likazungushiwa neti na kushonwa kwa kamba, likasimama kama mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa hufika kilo 120 na kupita, na mkulima hulipwa gunia moja. Vile viazi vya kwenye kilemba mnunuzi anavipata bure.

Mnunuzi huyo nilikuwa mimi. Kwa misimu kadhaa nilinunua viazi mashambani, nikapakia pale Uyole kwenda Dar es Salaam, na Jumapili nikavaa joho la kwaya nikaimba besi katika ushirika wetu wa Moravian. Nilijiambia ndivyo biashara ilivyo, nisipojaza mimi atajaza mwingine. Lakini ndani yangu nilijua ninachokitafuta. Jirani yangu alikuwa amepaua nyumba yake kwa bati la msauzi, rangi ya kahawia, na madirisha ya alumini. Siku ile alipomaliza, nyumba yangu ikaanza kuniaibisha. Haikuwa imevuja. Bati lilikuwa lile lile lililotufunika miaka yote, watoto walikuwa wakilala wakavu, na jana yake tu nilikuwa nimekaa barazani nikinywa chai nikimshukuru Mungu kwa nyumba hiyo hiyo. Tamaa ilinipokonya nyumba nikiwa nimekaa ndani yake.

Nikakopa. Kwanza kwenye kikundi, halafu, kikundi kilipochelewa, nikaenda kwenye ile mikopo ambayo mitaani tunaiita kausha damu, yenye rejesho la kila wiki. Sehemu ya fedha ikaenda kwenye bati, iliyobaki nikanunulia mzigo mkubwa kuliko yote niliyowahi kununua. Tulivuna mvua ikinyesha kwa sababu nilikuwa na haraka. Lori likaharibika Mlima Kitonga, kule Iringa, likakaa siku tatu na turubai juu ya viazi vyenye maji. Aliyewahi kufungua turubai kwenye mzigo wa namna hiyo anaijua ile harufu. Sina haja ya kueleza zaidi.

Mvua ya Rungwe haipiti tu, hukaa. Miezi ile nililala chini ya bati jipya nikiisikiliza, na kila tone lilikuwa kama mtu anayehesabu rejesho. Upande mmoja wa nyumba ulikuwa msauzi, upande wa pili bado lile la zamani. Fedha haikutosha kumaliza.

Sasa niseme habari ya mavuno, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo.

Waliokulia katika makanisa ya huku wanaujua mnada wa sikukuu ya mavuno. Watu huleta mahindi, mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maziwa, na baada ya ibada vitu hupigwa mnada, fedha zikaingia kanisani. Mara nyingi mtu akinunua kitu haondoki nacho. Humtamkia mtu mwingine: huyu kuku apewe mchungaji, mahindi haya yaende kwa bibi fulani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimenunua jogoo mmoja kwa shilingi 50,000. Sikumnunua kwa ajili ya Mungu. Nilitaka jina langu lisikike kwenye spika.

Mwaka ule wa deni nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Akasimama mama mmoja anayelima viazi, mama ambaye nimemshonea lumbesa misimu mitatu mfululizo. Akanunua mkungu wa ndizi. Akasema, kwa sauti ya kawaida, upelekwe nyumbani kwangu.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilikuwa tayari kusimama nikatae, niseme sisi hatujafikia huko. Mke wangu akanishika mkono akaniambia polepole, "Baba Neema, pokea." Nikaenda mbele nikapokea. Nikamwambia yule mama kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," asante sana, na sauti ikanikatikia hapo. Ndizi zile tulikula wiki nzima.

Jioni ile nikafungua Wafilipi sura ya nne. Nilikuwa naujua mstari wa 13 tangu Shule ya Jumapili: nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu. Ni mstari unaopendwa sana Mbeya; utauona umeandikwa nyuma ya bajaji na kwenye vioo vya daladala kutoka Mwanjelwa hadi Uyole. Mimi mwenyewe niliutumia kuombea lori. Lakini sikuwahi kusoma alichokuwa anakisema Paulo kabla ya hapo. Anaandika akiwa kifungoni. Anawashukuru watu wa Filipi kwa zawadi waliyompelekea kwa mkono wa Epafrodito. Anasema, "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo." Anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa. Kati ya hayo mambo yote anayoyaweza kuna kupungukiwa. Kuna na kupokea msaada, ukiwa mtume, kutoka kwa watu uliowahubiria wewe.

Neno lililonishika ni hilo la kujifunza. Nilidhani kuridhika ni tabia ambayo watu wengine wamezaliwa nayo, wale wapole wasio na ndoto kubwa. Kumbe Paulo, mtu mwenye moto vile, naye alifundishwa. Na hakujifunza peke yake pangoni. Alijifunza katikati ya watu wanaopeana. Ndiyo maana siamini kwamba mtu anaweza kuponywa tamaa kwa kukaa nyumbani na kujikaza tu. Mimi niliponywa nusu, na nusu hiyo ilitoka mikononi mwa mtu niliyemdhulumu.

Najua kuna watakaoniambia kwamba mahubiri ya kuridhika ndiyo yanayowafanya maskini wanyamaze. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu nimewaona watu wakiitumia Biblia namna hiyo. Mkulima wa Uporoto akiambiwa aridhike na bei ya gunia huku anashonewa lumbesa, huo ni wizi uliovikwa joho. Adai mizani. Apaze sauti. Ninachosema mimi kinamhusu zaidi yule anayeshona. Kilemba kile juu ya gunia huanzia moyoni mwa mnunuzi aliyeona bati la jirani, na kama moyo huo haujafundishwa kusema imetosha, sheria ya kilo 100 ataizunguka usiku, shambani, pasipo askari wala afisa wa vipimo.

Na wale wanaohubiri kwamba imani ni njia ya kupata gari na nyumba, nasema kwa uchungu, hawatusaidii. Wanatuwekea kilemba kingine juu ya kile tulichokuja nacho, wanakishona kwa mistari ya Biblia. Nimekaa kwenye mikesha ya namna hiyo nikiwa na deni. Nilitoka na njaa ya vitu kubwa kuliko niliyoingia nayo. Injili iliyoletwa Rungwe mwaka 1891 na kupokewa na babu zetu ilikuwa ya Bwana ambaye hakuwa na mahali pa kulaza kichwa chake. Huyo ndiye ninayemtaka.

Sijafika. Deni limeisha mwaka jana, baada ya kuuza shamba dogo la miti. Upande wa pili wa nyumba bado una bati la zamani, na kuna siku napita kwa jirani nikaona madirisha yake yanang'aa, moyo ukaanza kujaa tena. Siku hizo naomba kwa maneno machache, nikiwa bado natembea: Bwana, nipe chakula kadiri yangu. Wakati mwingine narudia hadi nafika dukani.

Nimerudi kununua viazi, mzigo mdogo, na mizani ninatembea nayo kwenye pikipiki. Mwezi uliopita nilikuwa shambani kwa yule mama. Tulipofika kilo 100 nikachukua sindano nikaanza kushona. Akasimama akiniangalia, jembe mkononi.

"Mbona unafunga mapema?"

"Limejaa, mama."

Akalitazama gunia, akanitazama mimi, halafu akaenda kuchukua la pili.