Bei ya Mwingiliano wa Simu Imeshuka. Sasa Nani Ahesabu Siku za Kusubiri?

Kila simu inayotoka mtandao mmoja kwenda mwingine hapa nchini ina bei ambayo mteja haioni. Kampuni ya anayepiga huilipa kampuni ya anayepokea; hiyo ndiyo bei ya mwingiliano. Mwanzoni mwa 2013 malipo hayo yalikuwa shilingi 112 kwa dakika. Machi mwaka huo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikayashusha hadi shilingi 34.92, yakateremka taratibu hadi 26.96 mwaka 2017, kisha 15.60 Januari 2018, na kuendelea hivyo hadi yakafika shilingi 2 mwaka 2022. Matokeo yake yanaonekana kila asubuhi kwenye soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Mama wa dagaa aliyekuwa akitembea na laini tatu, ili kila mteja ampigie kwa mtandao wake, leo ananunua kifurushi cha dakika za mitandao yote na kumaliza habari.

Ushindi huo ni wa kweli na sitaki kuupunguza. Lakini mjadala wote wa mwingiliano umekuwa wa bei, kana kwamba bei ikishatangazwa simu zinapita zenyewe. Hazipiti. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, watu wa Sengerema walilalamikia foleni ya kivuko kuliko nauli yake, na kwenye simu hali ni hiyo hiyo: nauli imekuwa ndogo sana, kilichobaki ni foleni. Kampuni moja inapoagiza njia ya kuunganishwa na nyingine, ni nani anayeamua njia hiyo itakuwa tayari lini?

Kwanza tuone oda yenyewe ina nini ndani. Kampuni inayoomba huandika inahitaji njia ngapi, kwenye kituo kipi, na kwa teknolojia ipi. Kampuni inayoombwa hupima nafasi kwenye mitambo yake, hujibu, hutenga poti (tundu la kuunganishia kwenye mtambo), kisha pande mbili zinavuta nyaya au kukodi uwezo wa mkongo hadi zikutane. Baada ya hapo ni majaribio: simu ziende na zirudi, zikatike zinapokatwa, na kumbukumbu za utozaji za pande zote zilingane, maana mwisho wa mwezi ankara zitatoka humo. Hatua ya mwisho ni kufungua namba. Kampuni ikipewa kundi jipya la namba na TCRA, kampuni nyingine zote lazima ziliingize kundi hilo kwenye mitambo yao. Moja tu ikichelewa, wateja wake wakipiga namba hizo wanaambiwa haipatikani, ingawa simu iko hewani na ina chaji. Anayebeba lawama hapo ni mtandao mpya, si ule uliochelewa.

Njia ya kawaida ya miaka mingi, E1, hubeba simu 30 kwa wakati mmoja. Wahandisi hujua kwamba ukitaka simu isiyozidi moja kati ya 100 ikataliwe saa ya msongamano, njia hiyo isibebeshwe zaidi ya wastani wa simu 20 zinazoendelea. Wastani huo ukipanda hadi 30, simu zinazokataliwa zinafika kama 13 kati ya 100. Yaani mahitaji yameongezeka kwa nusu tu, lakini kero imeongezeka mara 13. Kwa hiyo oda ya kuongeza njia ikikaa mezani miezi miwili, hata mtandao uliokuwa unapitika vizuri unaweza kugeuka kero kabla mtu hajajibu barua.

Kampuni kubwa zina hoja ya kutaka zipange muda huo zenyewe, na ni hoja nzito kuliko wanavyokubali wanaozipinga. Mtambo unagharimu fedha. Mgeni anaweza kuagiza njia 16 kwa matumaini ya kibiashara, akatumia 2, na poti 14 zikabaki zimefungwa kwa ajili yake huku mwingine akisubiri. Anaweza pia kutumia zote asilipe. Halafu kuna usalama. Muunganisho wa ishara za simu, ule unaoitwa SS7, ulijengwa enzi ambazo kampuni za simu zilikuwa chache na ziliaminiana. Anayeingizwa humo bila kuchunguzwa anaweza kufuatilia mahali alipo mteja wa mtandao mwingine au kunasa ujumbe wake mfupi, na ujumbe huo siku hizi ndio hubeba namba za siri za benki. Wapo pia wanaoingiza simu za kimataifa kwa mlango wa nyuma zionekane za ndani ili kukwepa malipo. Udanganyifu huo ni moja ya sababu zilizoifanya TCRA kuweka mtambo wa kusimamia mawasiliano ya simu, TTMS, mwaka 2013. Mhandisi anayesema anahitaji muda wa kujaribu na kuchunguza hasemi hivyo kwa ukaidi. Njia ikifunguliwa kwa pupa na kuelekezwa vibaya, simu ya dharura ya 112 inaweza kuishia kusikojulikana.

Upande huu una ushahidi wa nyumbani pia. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja kati ya mitandao, na mwaka 2016 Vodacom ikaingia. Tanzania ilisifiwa kwa sababu makubaliano hayo yalitoka kwa kampuni zenyewe zilipoona faida. Anayeamini soko liachwe lipange ratiba yake ataanzia hapo, na ana haki ya kuanzia hapo. Mimi naona na jambo la pili ndani ya mfano huo huo: aliyekuwa na wateja wengi zaidi ndiye aliyeingia mwisho. Miaka miwili kwa kampuni kubwa ni kipindi cha mpango mmoja wa biashara, lakini kwa ndogo inaweza kuwa uhai wake wote.

Hapo ndipo hoja ya kuziachia kampuni inapoanza kulegea kwangu, na sababu yenyewe imo ndani ya ile bei tuliyoishangilia. Chukua njia moja ya E1 yenye wastani wa simu 20 kwa saa nzima. Hizo ni dakika 1,200. Kwa shilingi 112, kampuni inayopokea iliingiza shilingi 134,400 kwa saa hiyo moja. Kwa shilingi 2 za mwaka 2022 iliingiza 2,400. Zamani kampuni kubwa ilikuwa na sababu ya kifedha ya kuifungua njia ya mwenzake haraka, kwa kuwa kila dakika iliyoingia ilikuwa mapato. Leo mapato hayo hayatoshi kumtoa fundi ofisini. Kinachobaki kwenye mizani ni kwamba kila siku mtandao mdogo unaposumbua kupitika, mteja wake anapata sababu ya kuuacha. Sidai kwamba kampuni yoyote inachelewesha oda kwa makusudi. Nasema bei ilipofutwa kama kichocheo hakukuwekwa kichocheo kingine mahali pake, na jambo lisilomlipa anayelifanya huishia chini ya rundo la kazi hata pale ambapo hakuna mwenye nia mbaya.

Sheria yetu ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inampa mwenye leseni wajibu wa kuunganisha wengine, na mikataba hiyo hupelekwa kwa TCRA. Wajibu upo, basi. Lakini aliyewahi kusubiri kiwanja kipimwe anajua umbali uliopo kati ya haki na tarehe.

Marekani walipita njia hii mapema. Sheria yao ya 1996 ililazimisha kampuni za zamani kuwaunganisha washindani, na kampuni za Bell, yaani hizo za zamani zilizotawala simu za maeneo yao, zikazuiwa kuuza simu za masafa marefu katika maeneo yao hadi zithibitishe kwamba soko la nyumbani limefunguka, ikiwamo namna zinavyoshughulikia oda za wengine. Bell Atlantic ilikuwa ya kwanza kupata idhini, jimbo la New York, Desemba 1999. Miezi michache tu baadaye oda za washindani zikawa zinapotea ndani ya mifumo yake, na Machi 2000 ikakubali kulipa dola milioni 3 kwa hazina ya serikali. Kilichofanya kazi pale ni kwamba mambo yalipimwa: kulikuwa na kumbukumbu za oda ngapi zimepokelewa, ngapi zimejibiwa, lini. Bila kumbukumbu hizo hata adhabu isingekuwa na pa kushika.

Tukirudi huku kwetu Ziwa Victoria, kuna jambo ambalo makadirio ya Dar es Salaam hayalioni kirahisi. Oda nzuri ya njia huja na makadirio ya simu za miezi ijayo, na makadirio hutengenezwa kwa wastani. Biashara ya dagaa haina wastani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo kati ya Ukerewe, Ukara na Kirumba kuna siku za mwezi ambazo kila mtu anampigia kila mtu, kuuliza mzigo umefika, lori limejaa, mnunuzi wa Kongo ametuma fedha au bado, na kuna siku za kimya. Mtandao uliopimwa kwa wastani wa mwezi utatosha siku za mbalamwezi na kusongamana siku za giza, yaani siku zile ambazo simu ni riziki. Hili linawapa wakubwa hoja nyingine, kwamba si kila msongamano unahitaji njia mpya. Linawapa wadogo hoja pia: anayelijua soko la hapa anaweza kuandika makadirio bora kuliko aliye mbali nalo, na hapaswi kujibiwa kwa wastani wa taifa.

Suala la kituo cha kukutania nalo husemwa vibaya. Chukua kampuni ndogo yenye wateja wa ofisi Nyamagana na Ilemela tu, wilaya mbili za jiji la Mwanza, ikitakiwa kupeleka njia yake hadi Dar es Salaam ili iunganishwe huko. Wengi hulalamika kwamba simu ya Igoma kwenda Nyegezi itachelewa kwa kuzunguka zaidi ya kilomita elfu mbili. Haitachelewa. Mwanga ndani ya mkongo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda Dar es Salaam na kurudi ni kama sehemu 12 kati ya 1,000 za sekunde, wakati sikio huvumilia hadi sehemu 150. Uzito uko kwenye kodi ya mkongo, na kwenye hatari kwamba katapila likikata waya njiani majirani wawili wa Mwanza wanashindwa kuongea. Kampuni kubwa nazo zinasema kweli kwamba haziwezi kufungua kituo cha kukutania kila mkoa. Lakini Mwanza, inayohudumia kanda nzima ya ziwa na iliyofikiwa na Mkongo wa Taifa, ingestahili kuwa na kimoja kabla ya mikoa mingi.

Kwa hiyo ninasimama upande wa siku za kusubiri kuhesabiwa na mdhibiti, TCRA, kwa sharti kwamba hesabu hiyo imbane na anayeagiza pia. Alete makadirio, aweke dhamana, na alipie njia alizoagiza hata asipozitumia kwa kipindi kinachojulikana. Akifanya hayo, siku zianze kuhesabiwa tangu oda yake ilipopokelewa, si tangu ilipojibiwa, maana ukimya ndio ucheleweshaji rahisi kuliko wote. Uchunguzi wa usalama uwe na muda wake wa kutosha, lakini ufanywe mara moja mwanzoni, usirudiwe kila inapoongezwa njia. TCRA hutoa takwimu za kila robo mwaka zikionyesha laini za simu na dakika zinazopigwa ndani na nje ya kila mtandao. Safu moja zaidi, ya siku ambazo kila kampuni imetumia kukamilisha oda za wenzake, ingefanya kazi kubwa kuliko faini, kwa kuwa hakuna mkurugenzi anayependa kuonekana wa mwisho kwenye jedwali.

Muda wenyewe usiwe mmoja kwa kila kitu. Njia mpya inayohitaji waya na kifaa kipya inaweza kudai miezi, na si haki kumlaumu mtu kwa hilo. Kuongeza uwezo kwenye njia iliyopo, hasa sasa ambapo mitambo mingi inaunganishwa kwa mfumo wa intaneti badala ya E1, mara nyingi ni kubadili mpangilio na leseni ya programu, kazi ya wiki. Kufungua namba hakuhitaji waya wala kifaa. Kwa hilo sioni kwa nini kampuni yoyote, kubwa au ndogo, ipewe zaidi ya siku chache za kazi, zikihesabiwa tangu TCRA ilipoijulisha kwamba kundi hilo la namba limetolewa.